Banco Ambrosiano na kifo cha Calvi: mafia ndio jibu la kila kitu?

Ukitaja tu Banco Ambrosiano, ile benki kubwa ya Milano iliyoanguka mwaka 1982, utasikia mmoja anasema ile ilikuwa kazi ya mafia toka mwanzo mpaka mwisho, na mwingine anamjibu acha stori za vijiweni wewe, benki ilifilisika na bosi wake akajinyonga, basi. Mi naona wote wana hoja ila wote wanafanya kosa lilelile, wanabeba maswali tofauti kabisa wanayatupia jibu moja. Nani alimuua Calvi ni swali lake, hela za benki zilienda wapi ni swali lingine, na kama hela za mafia zilipita mle ndani nalo lina ushahidi wake.

Kwanini tetesi zilishika moto hivyo inaeleweka. Tarehe 18 Juni 1982 asubuhi Roberto Calvi, mwenyekiti wa benki, mzee wa miaka 62, anakutwa ananing'inia kwenye jukwaa la mafundi chini ya daraja la Blackfriars kule London, nguoni mwake kuna vipande vya matofali na mawe, mfukoni hela za nchi tofauti tofauti na pasipoti yenye jina la uongo. Siku moja kabla katibu muhtasi wake kaanguka toka dirishani makao makuu ya benki Milano akafa. Benki ina shimo la karibu dola bilioni 1.3, mshirika wake mkubwa ni IOR yaani benki ya Vatican, na Calvi mwenyewe jina lake limo kwenye orodha ya P2, ile lodji ya siri ya Wamasoni (Freemason) iliyoongozwa na Licio Gelli, orodha ambayo polisi waliikuta Machi 1981 ikiwa na majina zaidi ya 900 ya mawaziri, majenerali, majasusi na wafanyabiashara. Sasa mtu ukimwekea vitu vyote hivyo mezani halafu unamwambia asiwaze uhalifu wa kupangwa, unamuonea.

Na sio mawazo matupu. Miezi miwili kabla, tarehe 27 Aprili 1982, makamu wa Calvi aitwaye Roberto Rosone alipigwa risasi ya mguu Milano, na aliyempiga akauawa palepale na mlinzi wa benki, kuja kuangalia kumbe ni Danilo Abbruciati, mmoja wa vigogo wa Banda della Magliana, genge la Roma. Jambazi wa hadhi ile hasafiri toka Roma kwenda kumlenga benka mguu kwa bahati mbaya. Halafu kuna benka Michele Sindona, aliyemfungulia Calvi milango mingi, himaya yake ilianguka 1974 pamoja na Franklin National Bank ya Marekani. Huyu mambo yake hayakuishia kwenye tetesi. Mfilisi aliyepewa kazi ya kupekua mahesabu yake, wakili Giorgio Ambrosoli, alikataa vitisho na akakataa kulegeza, akapigwa risasi mbele ya nyumba yake usiku wa tarehe 11 Julai 1979, na mahakama ikamtia Sindona hatiani kwa kumkodi muuaji, akapewa kifungo cha maisha Machi 1986. Mwaka huohuo wa 1979 alijifanya ametekwa kumbe mafioso wamemsindikiza mpaka Sicilia. Kwa hiyo anayesema mabenka wale hawakuwa na undugu wowote na mafia, huyo hajasoma.

Ila sasa sikia upande wa pili, na naomba usiuruke. Calvi alishatiwa hatiani mwaka 1981 kwa kutorosha fedha nje ya Italia, akapewa miaka minne ya nje wakati rufaa inasubiriwa, na alipokuwa rumande alijaribu kujiua. Benki inakufa mikononi mwake, tarehe 17 Juni, siku ileile katibu wake alipoanguka, bodi imeshamvua madaraka. Mtu wa namna hiyo kujinyonga sio jambo la ajabu, na uchunguzi wa kwanza London ulisema hivyohivyo, alijiua. Wa pili mwaka 1983 ukaacha swali wazi. Mpaka mwili ukafukuliwa, na wataalamu wakaja kusema mwaka 2002 kwamba shingo haina majeraha ya mtu aliyejinyonga, viatu havina alama za kutu wala rangi za lile jukwaa ambalo angelazimika kulipanda, na mikono yake haikushika yale mawe. Mi hapo ndipo nilipoacha kabisa habari ya kujiua.

Lakini kuuawa ni jambo moja na kuuawa na fulani ni jambo lingine. Mwaka 1991 mafioso aliyegeuka shahidi, Francesco Marino Mannoia, alisema amri ilitoka kwa Giuseppe Calò, mshika fedha wa Cosa Nostra, yaani mafia wa Sicilia, kwa sababu Calvi alipoteza hela zao. Aliyemtaja kuwa muuaji alikana na wala hakuwemo kati ya washtakiwa watano kesi ilipoanza Roma mwaka 2005. Calò alikuwemo, na Flavio Carboni mfanyabiashara aliyempangia Calvi safari ya kutoroka, na tarehe 6 Juni 2007 wote watano wakaachiwa, mahakama inakubali huyu mtu aliuawa ila ushahidi dhidi ya hawa hautoshi, na rufaa hazikubadilisha kitu. Watu wengi wanaisoma hukumu ile kama vile imesema mafia hawakuhusika, haikusema hivyo, na wengine wanaendelea kuwaita wale watano wauaji, nayo sio haki, maana walishtakiwa, wakasikilizwa, wakashinda.

Kuna mambo mawili kwenye hii habari nayarudia kila mara nikiongea na watu. Novemba 1977 mitaani Milano yalibandikwa mabango yakimshutumu Calvi kwa kuficha hela nje. Aliyekuwa nyuma ya mabango hayo ni Sindona, anambana amtolee hela, yaani tetesi chafu kabisa kwa nia chafu, na ilikuwa kweli, Benki Kuu ya Italia ilivyofanya ukaguzi 1978 ikakuta uozo. Halafu Januari 1979 mwendesha mashtaka Emilio Alessandrini aliyekuwa na faili la ukaguzi ule anauawa kwa risasi, na ungeapa ni kwa ajili ya benki, inaingia kama funguo kwenye kufuli. Haikuwa hivyo, waliomuua ni Prima Linea, kundi la siasa za mrengo wa kushoto, walijitangaza wenyewe na watu wake wakahukumiwa.

Kinachoniuma mimi ni kwamba jina la mafia limewafunika waliotia saini. Shimo la bilioni 1.3 halihitaji jambazi hata mmoja ili lieleweke. Mabenki ya nje yalikopesha dola kwa kampuni tanzu ya Ambrosiano kule Luxembourg, zikahamishiwa kwa Banco Ambrosiano Andino kule Lima, Peru, toka hapo zikaenda kwa kampuni za mfukoni za Panama zenye majina kama Bellatrix na Astolfine, na kampuni hizo zikanunua, pamoja na mengine, hisa za Ambrosiano yenyewe ili Calvi ashike usukani bila kuonekana. Deni liko kwa dola, dhamana ni hisa za lira, hela ya Italia ya wakati ule. Mwaka 1980 dola moja kwa wastani ilikuwa chini ya lira 900, katikati ya 1982 imepita 1,300, riba nazo zimepaa, kwa hiyo hata bila mtu kuiba senti nyingine shimo linazidi kutanuka lenyewe kila mwezi. Septemba 1981 IOR ikatoa barua kuwatuliza wakopeshaji kwamba kampuni zile iko nazo yenyewe, na Calvi kwa siri akaipa IOR barua nyingine kwamba haitadaiwa chochote. Barua mbili zinazopingana, hapo ndipo benki ilipokuwa inauawa, mezani, mchana kweupe.

Hela za mafia kupita mle mi naona inawezekana sana, ya Rosone pekee inanizuia kusema hapana. Ila hata ukizitoa kwenye hesabu benki inaanguka vilevile. Na Milano mwaka 1992, kesi ya kufilisisha benki kwa udanganyifu ilipoisha ngazi ya kwanza, Gelli yule wa P2 na Carboni walitiwa hatiani kwa uhalifu wa makaratasi. IOR ilishalipa wadai zaidi ya dola milioni 220 mwaka 1984 huku ikisema haina kosa lolote la kisheria, na hakuna kiongozi wake aliyefikishwa kizimbani kwa sakata hili, hata Askofu Mkuu Marcinkus aliyekuwa mkuu wa IOR, hati ya kumkamata ya 1987 ilifutwa na mahakama. Hilo ndilo ningetaka watu walipigie kelele kama wanavyopigia kelele lile daraja.