Bi harusi mwenye meno ya kitana

Jamani, ukinipa video za harusi nihariri, niambie mapema kamera ya pili ni ya enzi gani! Jana nimekesha mpaka saa nane usiku. Kamera yangu inanasa fremu (yaani picha moja moja) 25 nzima kwa sekunde. Ya mwenzangu ni ile ya kanda za DV: kila fremu inaigawa nusu mbili kwa kuruka mstari mmoja mmoja, mistari ya nusu moja inatangulia na ya pili inafuata, zikipishana sehemu 1 ya 50 ya sekunde. Bi harusi akitulia, picha safi. Akianza kucheza, mkono unaota meno kama kitana!

Nikabadili nusu ipi itangulie. Balaa: ukumbi mzima unatetemeka mbele nyuma, kama waliopandwa na mashetani. Nikatupa nusu moja, nikamwachia programu ajazie mwenyewe. Nakshi za hina zikageuka ukungu. Hina ya siku mbili hiyo!

Nampigia mwenzangu, ananijibu, “Mbona kwenye tivii yangu haionekani, kaka?” Tivii yenyewe ya chogo! Si ndiyo iliyotengenezewa mistari hiyo? Mteja ataangalia kwenye simu.