Kuku Mzima

Swahibu yangu mmoja amekwisha kurusha sauti kwenye kundi la mtaa kwamba jana nimempiga mama mkwe kwa kuku. Basi tulieni niwape ya kweli kabla haijavuka kufika Shela. Sikumpiga. Kuku alikwenda mwenyewe.

Na ndiyo, ni mimi yule yule wa kuwasahihisha ngeli hapa kila siku. Chekeni sasa hivi, tumalizane.

Mama mkwe alipiga simu alasiri. "Mwanangu, wageni waja baada ya Isha. Niletee kuku mzima, nimpake." Akakata.

Tatizo ni hilo "mzima". Nazi nzima ni ambayo haijavunjwa. Kidonge kizima hakijapasuliwa. Lakini mtu akikuuliza "U mzima?" haulizi kama umekatwa vipande, auliza uhai na afya yako. Na mtu mzima ni aliyepita utoto, awe na meno yote au asiwe nayo. Kwa nazi hakuna taabu, maana nazi haina roho ya kuulizwa. Taabu iko kwa kuku. Hata akiwa siniani, kachomwa, kakamuliwa ndimu, bado twasema "kuku mtamu, ameiva". Ngeli ya wenye roho haimwachi mpaka mfupa wa mwisho. Kwa hiyo mzima wa bandani na mzima wa juu ya makaa hutamkwa sawasawa. Angalisema "kuku hai" ningalijua. Angalisema "aliyechinjwa, asikatwe vipande" ningalijua pia.

Nikaenda sokoni hapa Lamu, pale ubavuni mwa Ngome. Nikachagua jogoo mwekundu, mzito, akafungwa miguu, nikamtia kikapuni na kumfunika khanga. Kuku akifunikwa gizani hutulia kama kalala. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake.

Nyumbani mama alikuwa tayari kwa mzima wake yeye: aliyenyonyolewa, katolewa matumbo, hajaguswa na kisu pengine, ili ampasue kifua, amlaze bapa, amchanje mapaja viungo vipenye. Thomu na tangawizi zishatwangwa na pilipili mbichi na chumvi. Makaa mekundu. Tui la kwanza la nazi mbili lishachemshwa huku likikorogwa bila kuachwa, lisije likakatika, likawa zito la kupaka. Lilikuwa bakulini likipoa.

Nikatua kikapu kando ya bakuli. Mama, akizungumza na mke wangu, akachota viungo kiganja kizima, akapenyeza mkono chini ya khanga kutafuta kifua.

Hapa niacheni niende polepole, maana ndipo ninapopaona nikifumba macho.

Kwanza mkono ulisimama. Kisha mama akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyetia mkono mfukoni mwake akakuta mkono mwingine humo. Khanga ikainuka kidogo. Kikatoka kichwa. Kikageuka upande, jicho moja likamtazama mama, mama akalitazama jicho. Kamba ilikuwa ya fundo la kuteleza (sikulikagua, msiniulize) ikabaki kikapuni, jogoo akatoka. Mguu wa kwanza, bakulini. Wa pili, bakulini. Akapiga mbawa. Tui likaenda ukutani, likaenda kwenye dera la mama, likaja kwenye miwani yangu. Akaruka mpaka kwenye zidaka za ukutani, akatua katikati ya sahani za kale za bibi yake mke wangu. Moja ikaanza kuyumba ukingoni. Krr. Krr. Krr. Sote watatu tukaisindikiza kwa macho mpaka ikatulia.

"Lakini Mama, ulisema mzima," nikasema. Jamani, likiwafika, msiseme hivyo.

"Mzima!" mama akasema, tui likimchuruzika kidevuni. "Sikukwambia hai!"

Mke wangu akaketi chini. "Mwalimu wa ngeli," akasema, kicheko kikamziba.

Ndipo sauti ya ami yake mkubwa ikaja kutoka barazani: "Hodi! Mu wazima humo?"

Hakuna aliyejibu. Jogoo akawika.

Yaliyofuata ni mafupi. Wageni walikula samaki wa kukaanga, tui la wali tuliomba kwa jirani. Dera liko kambani. Muuzaji kakataa kumrudisha jogoo, ati kanuka thomu. Yuko juu darini kwangu, awika tangu saa tisa ya usiku, na mama asema asichinjwe mpaka yeye mwenyewe atakapotoa amri. Sahani ni nzima, na kwa sahani neno hilo halina maana mbili.

Nawe swahibu, ifute ile sauti. Na hukuwepo hata.