India na mafuta ya Urusi: hesabu ya siku tisa na nusu

Kabla ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, mafuta yake hayakufika hata asilimia 2 ya mafuta ghafi ambayo India ilinunua nje. Mwaka uliofuata yalipita asilimia 30. Wakati huohuo New Delhi ikawa inajiepusha kupiga kura juu ya maazimio ya kuilaani Moscow katika Umoja wa Mataifa. Wengi Ulaya wakahitimisha kwamba India imeuza msimamo wake kwa bei nafuu.

Naona wamekosea pa kuanzia. India huagiza zaidi ya asilimia 85 ya mafuta ghafi inayotumia. Akiba ya kimkakati ya serikali imo katika mapango yaliyochongwa ndani ya miamba huko Visakhapatnam, Mangaluru na Padur. Yakijaa pomoni, yanatosha takriban siku tisa na nusu. Siku tisa na nusu, kwa watu zaidi ya bilioni 1.4! Wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati hutakiwa kuwa na akiba ya siku 90 za uagizaji. India, hata ukijumlisha mafuta yaliyomo kwenye matangi ya kampuni, haifiki hapo. Nchi yenye pumzi fupi hivyo haiwezi kumnunia muuzaji.

Na iliwahi kukwama. Msukosuko wa Ghuba wa 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait, ulipopandisha bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikauka zikabaki za kulipia bidhaa za wiki chache tu. Mwaka 1991 karibu tani 47 za dhahabu zilisafirishwa nje kuwekwa rehani.

Tena India imewahi kutii. Mwaka 2019, Marekani ilipofuta msamaha ulioiruhusu kununua mafuta ya Iran licha ya vikwazo, India iliacha kuyanunua. Na Desemba 2022 G7, kundi la mataifa saba tajiri, lilipoweka kikomo cha bei cha dola 60 kwa pipa, lengo lilikuwa mafuta ya Urusi yaendelee kufika sokoni, ila Moscow ipate kidogo. Wanunuzi wa mafuta hayo walitarajiwa kuwa nani, kama si India na China?

Upande wa Ukraine una hoja nzito. Mapato ya mafuta ni mhimili wa bajeti ya Urusi, inayogharimia makombora yanayoliangukia jiji la Kharkiv. Na utetezi wa kumjali mwananchi wa kawaida unapwaya mahali: bei za pampu nchini India hazikushuka sana, ilhali kampuni za kusafisha mafuta zilinufaika, na dizeli nyingine ikauzwa Ulaya kulekule.

Lakini Agosti 2025 Marekani iliiongezea India ushuru wa asilimia 25 kwa kununua mafuta ya Urusi, ukafika 50 kwa bidhaa nyingi, huku China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa zaidi wa mafuta hayo, haikupewa adhabu kama hiyo. Awamu ya pili ya maghala, huko Chandikhol na Padur, iliidhinishwa 2021 iongeze nafasi ya tani milioni 6.5. Wanaotaka India iachane na Urusi wangeanza kwa kusaidia kuyajenga na kuyajaza maghala hayo.