Nilimgeuzia rafiki yangu kisogo kisimani

Kila Oktoba mji wa Salem, hapa Massachusetts, hufurika watu waliovaa kofia nyeusi zenye ncha. Hata magari ya polisi yana picha ya mchawi juu ya ufagio. Wanangu wanapapenda. Mimi hupitiliza hadi kando ya makaburi ya zamani, kwenye mabenchi 20 ya mawe, kila moja na jina la mtu aliyeuawa mwaka 1692 kwa kushtakiwa uchawi. Husimama kwa Rebecca Nurse: bibi wa miaka 71, masikio mazito, alinyongwa Julai 19.

Hapo humwona bibi wa rafiki yangu, Shinyanga. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwetu macho mekundu ya kikongwe yalitosha kuwa ushahidi wa uchawi. Sisi tuliokula kwake tulijua yametokana na nini. Kuni hakuna, anapikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, amepiga magoti anapuliza, moshi wote usoni. Kisha anatugawia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya moto viganjani.

Mtoto wa jirani alipofariki, jina la bibi likaanza kunong'onwa. Nikakatazwa kukanyaga kwake. Rafiki yangu aliponiita kisimani, nikamgeuzia kisogo. Nilikuwa na miaka 12. Yeye na bibi yake hawakungoja mapanga, walihama usiku.

Wazungu wakiniuliza kwa nini Afrika inaua vikongwe, nawapeleka kwenye mabenchi yale. Mwanamke wa mwisho kusafishwa jina kati ya waliohukumiwa Salem, Elizabeth Johnson, alisafishwa mwaka 2022! Lakini nyumbani nako, anayeniambia "lisemwalo lipo" namkatalia. Lilisemwa kwa bibi yule, na halikuwepo.

Ann Putnam naye alikuwa na miaka 12 alipomshtaki Rebecca. Mwaka 1706 alisimama kanisani, toba yake ikasomwa mbele ya wote, na Rebecca akatajwa. Tena majirani 39 walikuwa wametia saini kumtetea bibi huyo, huku kumtetea mshukiwa kukiwa hatari. Kijijini kwetu sikumsikia hata mmoja, na nyumbani kwetu tulikuwa tunamjua bibi wa rafiki yangu vizuri kuliko wote.

Mwezi uliopita nilipata namba ya rafiki yangu, yuko Kahama. Tukasalimiana, tukaulizana watoto. Nikamtajia kisima, nikamwomba radhi. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza kama bado naikumbuka ile michembe.