Kabla ya Kuipaka Mustang Rangi, Imwagie Maji

Fungua milango ya Ford Mustang ya mwaka 1967, inua zulia la miguuni pande zote mbili, kisha mwagia maji polepole kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Anza upande mmoja, halafu wa pili. Ndoo moja inatosha. Maji yanatakiwa yatokee nje, nyuma ya madigadi ya mbele, karibu na bawaba za mlango. Yakidondoka miguuni mwa dereva au abiria, gari lina kutu mahali ambapo bunduki ya rangi haifiki, na mazungumzo ya bei yaanze upya hapo hapo.

Sababu iko ndani ya kisanduku cha bati kilichojificha chini ya matundu hayo. Ndani yake, kila upande, kuna kola fupi iliyosimama kuzunguka tundu la hewa, mfano wa ukingo wa kisima. Hewa inashuka katikati ya kola, maji ya mvua yanazunguka nje yake na kwenda zake pembeni. Majani makavu yakijikusanya pale yanashika unyevu, kola inaliwa kuanzia kwenye shina, na tangu siku hiyo kila mvua inaingia kwenye sakafu. Ndiyo maana Mustang nyingi za 1965 hadi 1968 zina sakafu mpya juu na kisanduku kibovu kilekile kinachoendelea kuiozesha.

Kuna vikola vya plastiki vya kugundisha kwa gundi. Vinazuia maji kwa muda tu, na mimi sivishauri kwa gari linaloandaliwa kupakwa rangi upya. Kazi ya kweli ni kutoa boneti na madigadi, kutoboa nukta za kuchomelea zaidi ya mia moja, kunyanyua bati la juu, kubadilisha kola, kupaka epoksi ndani kote, kisha kuchomelea tena. Fundi wa bodi asiyezijua Mustang hatakuambia hivyo. Atakupa bei ya rangi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: watu wengi wanaofufua magari haya kule Marekani hawapotezi pesa kwa kukosa mafundi wazuri, wanapoteza kwa kuwaendea kwa mpangilio mbaya. Rangi inalipiwa kabla ya bati, pistoni zinanunuliwa kabla bloku haijapimwa, na gari zima linakabidhiwa karakana moja inayosema inaweza kila kitu. Mwenye gari ndiye anayepaswa kushika mpangilio, hata kama hajui kushika spana.

Mpangilio huo unaanza na karatasi. Namba ya chasisi ya Mustang ya 1967 inasomeka kwa macho: tarakimu ya kwanza, 7, ni mwaka, herufi inayofuata ni kiwanda, F kwa Dearborn, R kwa San Jose, T kwa Metuchen, 01 ni paa la kawaida, 02 ni paa la mteremko, 03 ni la kukunjwa, kisha herufi ya injini. C ni 289, yaani injini ya ujazo wa inchi za ujazo 289, yenye kabureta ya midomo miwili, nguvu farasi 200. A ni 289 ya midomo minne, 225. K ni 289 ya nguvu farasi 271. S ni 390 ya nguvu farasi 320. T ni silinda sita. Muuzaji akikuonyesha 390 chini ya boneti na herufi ni C, gari laweza kuwa zuri, lakini usililipie bei ya S. Kwa Ford za kuanzia 1967 inapatikana ripoti ya Marti, inayotolewa kutoka kumbukumbu za uzalishaji za kampuni yenyewe, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kosa inalokuepusha. Namba iliyogongwa kwenye bati la ndani la madigadi ya mbele, upande wa dereva, ilingane na ya mlangoni na ya hati ya umiliki. Isipolingana, usinunue.

Sasa bati. Mustang haina chasisi ya kujitegemea kama lori. Sakafu, vizingiti na reli za mbele na nyuma ndizo zinazolibeba gari. Kwa hiyo ukikata sakafu bila kuishikilia bodi, inakunja. Karakana inayojua kazi huchomelea kwanza mabomba ya chuma ndani, kutoka nguzo ya mlango hadi nguzo, na ya kukatiza kwa pembe, milango ikiwa bado inafunga vizuri. Ndipo msumeno unapoingia. Gari la paa la kukunjwa ndilo hatari zaidi, kwa sababu hakuna paa la kusaidia. Ukifika kwenye karakana ukakuta sakafu imekatwa na hakuna hata bomba moja, lipakie gari kwenye tela uondoke.

Sehemu za kukagua kwa bisibisi yenye ncha ni hizi: boksi linalounganisha reli ya mbele na kizingiti, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, sehemu ya reli iliyo chini ya betri, ambako asidi imedondoka kwa miaka, minara inayobeba springi na shokomzoba za mbele, ambayo hupasuka pale mkono wa juu wa sospensheni unapofungwa, na kingo za buti zilizozunguka tangi. Tangi la mafuta la Mustang hizi limewekwa kutoka juu, kiasi kwamba uso wake wa juu ndio sakafu ya buti. Gari likigongwa nyuma kwa nguvu, kati ya mafuta na abiria kuna kiti cha nyuma tu. Bamba la chuma la kufunika tangi linauzwa na linafungwa kwa skrubu. Lifunge.

Kuondoa rangi ya zamani kwa kupuliza mchanga kunafaa kwenye reli na sehemu nene za chini. Kwenye paa, boneti na mlango ni kosa, maana mapigo ya mchanga yanalitandaza bati bapa mpaka linapinda mawimbi yasiyonyooka tena. Huko tumia chembe laini za plastiki, au dawa na msasa. Wengine hupenda magadi. Hayapindi bati, ila masalia yake yakibaki kwenye maungio rangi itabanduka, kwa hiyo karakana ikwambie inaoshaje. Bati likishakuwa tupu lisilale hivyo. Lipigwe prima ya epoksi siku hiyo hiyo.

Vipuri vya bati vya kuigwa vinapatikana karibu vyote, hata bodi nzima mpya. Lakini havikai sawa vikitoka kwenye boksi. Madigadi, milango, boneti na kifuniko cha buti vyote vifungwe kwanza kwa bolti na klipu, nafasi kati yao zipimwe, ndipo chochote kichomelewe moja kwa moja. Karakana inayochomelea bati la ubavu wa nyuma bila mlango kuwa mahali pake itakuja kuziba makosa kwa puti. Puti si dhambi, ila isizidi unene wa milimita 3. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pale inapoteleza bila kushika, uliza.

Juu ya rangi yenyewe sina mengi. Rangi za siku hizi zenye kikaushio zina isosianati, inayoharibu mapafu, na zinahitaji chumba maalumu na kinyago cha kuletewa hewa kutoka nje, hivyo wapewe wenye vifaa. Wape pia muda. Prima iliyoharakishwa huendelea kunywea wiki nyingi baada ya kazi, na mikwaruzo ya msasa inajitokeza juani gari likiwa limeshalipiwa.

Injini ni habari ya vipimo. Bloku ya 289 ina tundu la inchi 4.00 na mwendo wa pistoni wa inchi 2.87. Ikifika kwenye karakana ya kukereza, cha kwanza ni kuichemsha katika dawa, cha pili ni kutafuta nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, cha tatu ni kupima unene wa kuta za silinda kwa mawimbi ya sauti. Hapo ndipo unapojua kama itachimbwa elfu 30 za inchi, yaani inchi 0.030, au kama mtu alishaichimba zamani na hakuna nyama iliyobaki. Ukiwa umenunua pistoni za elfu 30 mwezi mmoja kabla, na kuta zinadai elfu 40, umejinunulia chuma cha kuweka kabatini. Pistoni ziagizwe baada ya kipimo, kisha zipelekwe zenyewe kwenye karakana, kwa sababu msasa wa mwisho wa silinda unafuata ukubwa halisi wa kila pistoni.

Dai karatasi yenye namba. Nafasi ya mafuta kwenye beringi kuu, kwa kanuni ya kawaida, ni elfu 1 ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo cha shafti. Shafti ya 289 ina takriban inchi 2.25, kwa hiyo tarajia kitu kama elfu 2 na robo. Pengo la ringi ya juu ni elfu 4 kwa kila inchi ya tundu, yaani karibu elfu 16. Karakana inayokujibu “iko sawa” bila namba haijapima.

Kosa linalorudi mara kwa mara kwenye injini hizi ni la mizani. 289 na 302 za zamani zinasawazishwa na uzito wa nje wa aunsi-inchi 28 (uzito mara umbali wake kutoka katikati). Zile za lita 5.0 za miaka ya 1980 ni aunsi-inchi 50. Kwa sura, flaiwili na puli za kizazi kimoja zinafanana na za kingine, bolti zinaingia, injini inawaka. Halafu inatetemeka mpaka inaua beringi. Mwambie aliyekereza uzito anaosawazishia, na flaiwili na puli zako ziwe mezani kwake wakati wa kusawazisha.

Difu ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani. Ya inchi 8 iliyokuja na 289 za kawaida, na ya inchi 9 iliyokuja na 390, zote zina kichwa kinachotoka kizima kwa mbele. Kifungue, kiweke kwenye sanduku la mbao, kitume kwa bingwa hata akiwa jimbo lingine, kikirudi unakirudisha na gasketi mpya. Mdai apake rangi meno ya gia na akutumie picha ya alama ya mguso.

Kromu inataka uangalifu wa aina nyingine. Piga picha kila kipande pande zote na uorodheshe kabla ya kutuma, kwa sababu vipande vidogo hupotea kwenye matangi. California iliamua mwaka 2023 kuachana hatua kwa hatua na upakaji wa kromu ya mapambo kwa njia ya zamani, basi foleni na bei za huko zipangie mapema.

Katika mkataba na karakana yoyote, weka saa za juu kabisa ambazo hawatavuka bila kukuuliza, picha za kila wiki, na vipuri vya zamani virudishwe kwako. Hati ya umiliki ibaki nyumbani. Majimbo mengi ya Marekani yanaipa karakana haki ya kulizuia gari hadi ilipwe, kwa hiyo mabishano ya ankara yafanyike gari likiwa na kazi ya wiki mbili, si ya miezi minane.

Siku ya kuwasha, kabla ya distributa kuingia, zungusha pampu ya oili kwa drili kupitia tundu lake. Shafti yake ina pembe sita za robo inchi, na kwenye 289 drili inazunguka kinyume cha saa. Funga soketi kwa tepu ili isidondokee ndani. Endelea mpaka oili itokeze kwenye roka zote. Oili iwe na zinki ya kutosha, karibu sehemu 1,200 kwa milioni, kwa sababu kemushafti ya zamani inasuguana na tapeti bapa na oili nyingi za leo zimepunguzwa zinki ili kulinda vichujio vya ekzosi. Ikiwaka, ipandishe moja kwa moja hadi mizunguko 2,000 au 2,500, uiache humo dakika 20 hadi 30, bila kuiacha ingurume taratibu hata kidogo, maana kwa mwendo mdogo kemushafti haipati mrusho wa oili wa kutosha. Kisha izime, mwaga oili yote, kwati 5 (karibu lita 4.7), kata chujio kwa kikatio chake maalumu, si kwa msumeno unaoacha vumbi la chuma, kunjua karatasi yake juu ya gazeti, na ipitishe sumaku kutafuta chembe za chuma.