Kwani mawimbi hayatoshi?

Mtu unavuka na pantoni Magogoni, unapanda bajaji mpaka kule mbele Kigamboni, kisa unataka watoto wachezee mchanga na wewe usikie bahari. Ile unatandika khanga tu, hawa hapa: gari limerudi nyuma mpaka mchangani, buti wazi, spika kubwa kama friji. Na muziki wenyewe hawausikilizi, wanapigiana stori kwa kupayuka juu yake! Waombe wapunguze, utajibiwa, "Mzee, bahari ni ya wote." Sawa, ya wote. Mbona mimi sijamlazimisha mtu kusikiliza taarabu zangu?

Lakini hilo gari ndilo linaloniudhi zaidi. Pwani hii kasa hupanda usiku kutaga, na mayai huyafukia juu ya pale maji yanapoishia. Hapohapo ndipo wanapoegesha. Tena bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida, hawaijui. Maji yakijaa, tairi zimezama, ndipo wanapokumbuka kuwa sisi ni majirani, eti tukasukume. Nilikataa. Mke wangu akasema nina roho mbaya, wakaenda yeye na watoto. Muziki haukuzimwa hata wakati wa kusukuma.