Nilikwenda kutunza, nikaelekezwa sehemu ya kuweka mizigo

Jumamosi iliyopita nimezuiwa na baunsa mbele ya steji nikiwa nimeinua noti ya elfu kumi. Sikuwa nimelewa, sinywi, wanaonijua wanajua. Sikuwa nataka selfi wala kumkumbatia mtu. Nilikuwa nakwenda kumtunza mwimbaji wa taarab aliyenigusa, yaani kumpelekea noti mbele wimbo ukiendelea, basi. Naandika hii hasira bado ipo kifuani kwa hiyo nikirukaruka mtanivumilia.

Nianzie nyumbani. Mimi na mume wangu tuna miaka 14 ya ndoa na watoto watatu, na kutoka wawili tu, bila mtoto kung'ang'ania mkono, bila msiba, bila kikao cha harusi ya mtu, hicho kitu tulishakisahau. Yeye ndo akaiona posta kwenye simu, tamasha la chakula na muziki huko Masaki, chakula cha asili, taarab, dansi, singeli, vyote siku moja, vyote laivu. Akaniambia "mama, tutoke." Nikadhani ananitania, mtu mwenyewe wikiendi yake ni mpira na usingizi. Watoto tukawapeleka kwa bibi yao, nikavaa dera jipya, yeye akavaa lile shati la kitenge linalombana tumbo na hataki kuambiwa, tukachukua bajaji kutoka Mwananyamala tunachekana njia nzima kama vijana waliotoroka kwao.

Getini 30,000 kwa kichwa. Sawa. Ndani hawapokei keshi, unavalishwa bangili ya plastiki, unaijaza hela, kila unachonunua unaskani. Kima cha chini cha kujaza 20,000. Sawa tena, maisha ndo yamekuwa hayo, hata machinga sasa hivi anakupa lipa namba.

Chakula nitasema kidogo maana siyo kilichonileta hapa. Mahema mengi, baga, piza, shawarma, baga tena. La chakula cha asili nililitambua kwa ungo uliotundikwa juu, ungo mpya ambao haujawahi kupepeta hata punje. Nikaagiza urojo, 12,000, ukaja kwenye kikombe cha karatasi na kijiko cha mti, na juu yake wameweka parachichi. Parachichi! Kwenye urojo! Nikauliza kachori iko wapi, binti akanijibu kwa heshima zote "hii ni ya kisasa, dada." Mtu ambaye ameshasimama Forodhani usiku na bakuli lake, ukwaju na pilipili vinamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, kile kitu hawezi kukiita urojo hata umlipe. Mume wangu akachukua mishkaki, mijiti miwili 10,000, kila mmoja vipande vitatu, nilivihesabu. Akaulizia supu ya pweza kwa sauti ya juu makusudi ili nimpige kibao cha bega. Nikampiga. Supu ya pweza haikuwepo.

Haya, muziki.

Mume wangu ni Sikinde damu, ile bendi ya dansi ya Mlimani Park, anaweza kukueleza toka 1978 nani aliingia na nani alihamia wapi na ugomvi ulikuwa nini, usimguse kabisa kuhusu wapinzani wao Msondo utalala hapo. Dansi iliyotangazwa ikawa ni vijana wawili wanaimba juu ya wimbo unaopigwa na DJ, sauti ya kwenye rekodi inasikika kabla hawajafungua mdomo. Laivu hiyo. Nilimwona anavyokunja uso, nikamwambia subiri taarab.

Taarab waliiweka saa kumi na mbili jioni, watu wenyewe bado wanatafuta pa kupaki magari. Dakika ishirini na tano tu walipewa. Lakini jamani walikuwa laivu kweli, wazee wa watu na vyombo vyao, fidla mbili, kodiani, ganuni, dumbaki, na mama mmoja wa makamo kwenye maiki, kasimama tuli, mkono mmoja ndo unaocheza. Akaimba wimbo wa mtu aliyekaa na mwenzake siku za dhiki mpaka siku za faraja zikafika. Wimbo wa kawaida tu, maneno hayo yameimbwa mara ngapi. Ila mimi nilikaa na huyu mwanaume miaka miwili hana kazi, naamka saa tisa usiku kuchoma vitumbua, yeye ndo ananikorogea unga na kunishikia taa umeme ukikatika, halafu saa kumi na mbili asubuhi anavaa shati lake safi anaondoka kutafuta kazi ambayo haipo, ili watoto waone baba anatoka. Hatujawahi kuyaongea yale mambo. Sisi siyo watu wa kuongea hivo. Sasa ule ubeti ulipofika nikamwangalia, naye kaangalia chini kwenye kijiti cha mshikaki, nikaona hapa hapa. Nikafungua pochi nikatoa elfu kumi ya dharura, nikanyanyuka.

Mnajua mwendo wa kwenda kutunza. Huendi mbio, huendi kama unawahi daladala. Unakwenda kwa maringo, mkono juu noti inaonekana, unageuka kidogo kumwangalia unayemkusudia ili na waliokaa wamjue. Nilikuwa nakwenda vizuri kabisa, na yule mama kwenye maiki ameshaniona, ameanza kuurudia ubeti ananisubiri, ndo likanisimamia jitu mbele.

"Dada, mwisho hapa."

"Nakwenda kutunza."

"Kutunza nini?"

"Namtunza mwimbaji."

Akaniangalia, akaangalia pochi yangu. "Kama una mzigo wa kutunza, sehemu ya kuweka mizigo iko kule karibu na vyoo."

Mpaka leo sijui yule kijana alikuwa ananicheka au hakunielewa kweli. Akili yangu inaniambia hakunielewa, na hilo ndo linaniuma zaidi, yaani tumefika mahali Dar es Salaam hii ya Magomeni na Kariakoo mtu anazuia watu mbele ya steji ya taarab na neno kutunza kwake ni stoo. Akaja dada mwenye redio kolu na kitambulisho shingoni, mpole, anatabasamu, nikamweleza upya huku noti bado iko juu kama nimekamatwa. Akanijibu: "Usijali mama, msanii ameshalipwa."

Ameshalipwa.

Sasa hapo ndo nataka tukae kidogo. Nani alisema namlipa? Kwani nilikuwa nadaiwa? Kulipa nililipa getini, nikalipa kwenye bangili, nikalipia na parachichi ambalo sikuliomba. Ile elfu kumi ilikuwa ni maneno yangu. Mtu anayetunza anaongea. Anasema huu ubeti ni wangu, au huu ubeti ni wa fulani aliyekaa pale kwenye kona na anajijua. Mwimbaji anatoa sauti, wewe unatia jina bila kulitaja. Ukiuondoa huo mguu wa kutoka kitini mpaka kwenye maiki, taarab inabaki nusu, inakuwa watu wanapiga vyombo na wengine wanarekodi na simu.

Mama yangu mimi alikuwa shabiki wa Muungano, kundi la taarab la Nasma Hamisi, enzi zile za miaka ya 1990. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa wa TOT, kundi la Khadija Kopa, na ilikuwa siyo mambo ya kuchekea, mitaa iligawanyika kama Simba na Yanga. Sasa kukawa na harusi mtaani, wimbo mmoja ukafika penye mpasho, mama yangu akanyanyuka akatunza. Akarudi akakaa. Ubeti ukarudiwa, akanyanyuka tena. Mara ya tatu hakuwa na hela, akaomba mia mbili kwa shangazi yangu, akaenda kutunza huku anamtazama jirani bila kupepesa. Miezi minane hawakusalimiana! Hakuna tusi lililotoka, hakuna aliyegusa nywele ya mwenzie, ila ujumbe ulifika na kila mtu mtaani alijua ni ile habari ya deni la vitenge. Na siku jirani alipofiwa na mumewe mama yangu ndo alikuwa wa kwanza kuingia na ndo alipika siku zote tatu. Hayo mambo hayapiti kwenye bangili ya plastiki. Au nilitakiwa nimskani mwimbaji kwenye paji la uso?

Na hii habari ya kukaa nyuma ya uzio kusikiliza kwa adabu wala siyo ustaarabu mpya, ni wa zamani sana. Taarab Zanzibar ilianzia kwa Sultani Barghash, huko kasri, ya Kiarabu, wakubwa wanasikiliza wametulia. Hata kikundi cha Ikhwani Safaa walipoanza 1905 ilikuwa bado ni jambo la mabwana. Aliyeitoa huko ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, muuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili, akaimba kesi za mahakamani, dhuluma, mambo ya watu wa kawaida wa Ng'ambo, mpaka 1928 kaenda Bombay kurekodi santuri. Sasa karibu miaka mia baadaye sisi tunamlipia mtu tiketi atuwekee uzio turudi kasrini. Tena hata kasri siyo letu, sisi tumesimama ua wa nyuma, mbele kabisa kuna masofa meupe ya VIP na waliokaa wameipa steji mgongo wanapiga picha chupa.

Najua kuna watakaosema usalama. Haya, kuna nyaya, kuna spika za gharama, mtu akijikwaa nani anabeba lawama. Sawa. Wekeni basi upenyo mmoja na huyo baunsa asimame hapo aruhusu mmoja mmoja, kwenye harusi uwanjani wanaweza sembuse nyie.

La pili hili nalikubali kwa shingo upande maana mume wangu ndo alinibana nalo: kuna wenye bendi waliogeuza kutunzwa kuwa mshahara wa msanii. "Nenda kapige, utatunzwa." Wazee wa dansi wangapi wameishia kuchangiwa matibabu kwa staili hiyo. Kwa hiyo kama kweli wale wazee walilipwa, tena walilipwa vizuri na kwa wakati, nampongeza yule dada na redio kolu yake. Na tamasha siyo kitu rahisi, Sauti za Busara wenyewe kule Zanzibar, walioanza 2004 na kwa miaka mingi wakajaza Ngome Kongwe mwezi wa Februari kwa muziki wa laivu, 2016 walishindwa kufanya kwa kukosa pesa. Naelewa. Ila mkimlipa msanii hamjanunua na mdomo wangu.

Vyoo sisemi. Foleni yake mnaijua.

Basi nikarudi kukaa, noti mkononi. Yule mama akamaliza ubeti, akanipungia mkono kidogo tu, kwa vidole, wakakatwa. Wimbo haujaisha, DJ akaingiza amapiano juu ya fidla, wazee wakaanza kukunja nyaya zao wenyewe mbele za watu. Mume wangu hakuniuliza kitu. Aliona kila kitu toka nilipogeuka kumwangalia, na alijua ubeti ule ulikuwa unakwenda kwa nani. Akasema "twende tukale" kama vile tulikuwa hatujala, na kweli tulikuwa hatujala.

Nje ya geti, hatua thelathini hivi, kuna mama anachoma mihogo na jamaa wa chipsi mayai, na pale ndo walikuwa wamejaa mabaunsa wa zamu nyingine, mafundi mitambo, na wale mabinti wa hema la asili na aproni zao, yaani wapishi wa tamasha wanakula nje ya tamasha. Mihogo ya chumvi na pilipili ya ndimu, tumekaa kwenye ndoo za rangi tumezigeuza, tumeshiba wote wawili kwa 4,000, keshi. Kwenye bangili ilibaki 3,500 ambayo hairudishwi na ilikuwa haitoshi kununua chochote mle ndani, sijui walipiga hesabu au imetokea tu. Bangili yenyewe kaichukua mtoto wa mwisho, kamvisha mdoli.

Kwenye bajaji kurudi mume wangu akaanza kuimba. Zile za Sikinde za taratibu, ubeti anauchanganya na kiitikio, sauti hana, hajawahi kuwa nayo. Tumefika Namanga ya hapa Dar, pale kwenye foleni, shati limembana, jasho linamtoka, anaimba tu kaangalia nje. Nikafungua pochi nikatoa ile elfu kumi nikambandika kwenye paji la uso. Ikaganda.

Dereva akatuangalia kwenye kioo. "Mama samahani, hiyo ndo nauli yangu?"

Ndo ilikuwa nauli yake.